Gari la Viti Viwili Katika Soko la Ng'ombe

Wiki iliyopita kijana mmoja anayeuza magari ya mitumba hapa Garissa alinisimamisha nikitoka msikitini.

"Mzee Jilo," akasema, "ni ukweli ulikuwa dalali wa gari la spoti wakati wa vita vya shifta? Wasee hapa wanasema ni hadithi tu."

Nikamwambia ni kweli, na kwamba kupatana bei ya gari nilifundishwa na mtu aliyeogopa ngamia. Kabla sijaendelea simu yake ikalia, akaenda kumwona mteja. Basi haya ndiyo ningemwambia kama simu ile isingelia, yeye na nyinyi wenzake mnaokula kwa mdomo na mkono kama nilivyokula mimi.

Mimi ni mtu wa mtoni. Sisi Wamunyoyaya tulilima mahindi na ndizi kando ya Tana, na babangu alitaka nishike jembe. Lakini nilikulia karibu na soko la mifugo, masikioni mwangu Kisomali cha wafugaji, Kiswahili cha askari na wageni, na lugha yetu ya nyumbani. Nilipoanza kuota ndevu nilikuwa nimeshajua kinachonivuta pale, na hakikuwa ng'ombe. Nilitaka kujua imekuwaje mtu mmoja aseme mia na mwingine aseme sitini juu ya mnyama yule yule, na ukiwatazama usoni wote wawili wanasema kweli.

Aliyenipokea katika udalali ni Adeer Guhad. Adeer kwa Kisomali ni ami. Nilimwita hivyo kwa heshima, naye akaniita adeer vilevile, maana ndiyo desturi yao, mkubwa humrudishia mdogo jina alilomwita. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye ndevu za hina, na ngamia aliwaogopa kabisa. Mmoja alimpiga teke ujanani, na tangu hapo alifanya kazi yake yote akiwa amesimama mbali. Mnunuzi akitaka kuona meno, Guhad alituma mtu. Siku moja nikamwuliza atajuaje bei ya ngamia asiyemkaribia.

"Ngamia hawezi kunidanganya," akasema, "kwa hiyo sina haja naye. Mimi namwangalia mwenye ngamia."

Ngamia wa kwanza niliyeachiwa nimuuze mwenyewe nilimsifu mpaka biashara ikafa. Nilisema ana maziwa, ana nguvu, ana adabu, hajawahi kuugua. Mnunuzi alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza, "Sasa mwenyewe anamuuza kwa nini?" Nikaanza tena kusifu maziwa. Akaondoka. Guhad alicheka hadi akakaa chini, kisha akanifunza jambo ambalo sijalisahau. Alisema kila muuzaji ana bei tatu: bei ya kusema, bei ya kukubali, na bei ya kulilia. Mnunuzi naye ana zake tatu. Bei ya kusema wataipaza wenyewe, huhitajiki. Kazi ya dalali ni kuuliza maswali mpaka ajue bei za kukubali zinapokutana, na kuhakikisha hakuna anayefikishwa kwenye bei ya kulilia. "Usisifu," akasema. "Uliza. Anayeuliza hachoshi mtu."

Na bei haikusemwa kwa mdomo. Labda mmewaona wazee wakifanya. Dalali hutandika shuka juu ya mikono, akaingiza mkono wake na wa muuzaji ndani, wakazungumza kwa vidole. Kidole kikishikwa ni moja, au kumi, au mia, kulingana na kinachouzwa. Mkono mzima ni tano. Ukikwaruza kiganja ni nusu. Kisha dalali huenda kwa mnunuzi na shuka lile lile. Watu wanazunguka na kutazama, lakini bei inajulikana na watatu tu. Zamani ilikuwa adabu. Wakati wa vita ikawa kinga.

Maana sokoni kulikuwa na masikio ya kila aina. Ikijulikana una pesa, usiku shifta wa msituni wangekujia wakitaka fungu lao, na mchana wakubwa wa serikali wangekuuliza umezitoa wapi na unampelekea nani. Mtu aliishi katikati ya maswali hayo mawili. Wafugaji walikuwa wameambiwa wasogee na mifugo yao karibu na kambi zenye ulinzi, na malisho ya karibu yakaisha upesi. Ng'ombe walikonda wakiangalia majani ambayo hawakuruhusiwa kuyafuata. Mtu akiona hivyo anauza.

Na aliuza kwa bei aliyoletewa. Malori na mabasi hayakutembea ila kwa msafara wa jeshi, kwa hiyo wanunuzi wa ng'ombe walikuja na msafara na kuondoka nao. Walikuwa wa kila kabila, wa bara na wa hapa hapa. Mkubwa wao tulimwita Kofia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona bila kofia. Kila alipokuja Kofia alisema neno lile lile, kwamba Nairobi bei imeanguka. Nani angembishia? Mfugaji hakuwa na ruhusa ya kwenda kuona.

Hapo ndipo anapoingia Hajia Shamsa. Alikuwa mjane wa mfanyabiashara mwenye malori matatu. Mumewe alipoanza kupoteza macho alimfundisha mkewe kuendesha, akikaa kando yake na kumwelekeza kwa kusikiliza injini. Mji ulisema maneno mengi juu ya mwanamke anayeendesha lori, Hajia akawaacha waseme. Mumewe alipofariki alibaki na malori, na vita vilipokuja malori yakabaki uani. Yalipotoka kwa msafara, askari walidunga kila gunia kwa chuma na dereva akashushwa aulizwe huyo mchele ni wa nani.

Siku moja habari ikaenea kwamba Hajia ameomba aletewe gari jipya, alitazame kabla ya kulinunua, kutoka duka la magari la Nairobi, alikonunua malori yake marehemu mumewe. Si lori. Gari la spoti, la viti viwili, fupi kama punda aliyelala.

Nawaambieni, mji uliacha kuzungumza vita kwa muda. Kila kibanda cha chai kilikuwa na maelezo yake. Wengine walisema anataka kuolewa tena. Wengine walisema anakusudia kutoroka mpaka Mandera avuke mpaka, kama kwamba gari la kimo kile lingefika hata nusu ya njia bila kubebwa. Mimi nilimwuliza Guhad.

"Sijui," akasema, na macho yake yaling'aa. "Zuri sana. Ni miaka sijapata kitu ambacho sikijui."

Gari lilikuja likiwa juu ya lori, limefungwa kamba na kufunikwa turubai, nyuma ya malori ya askari. Hakukuwa na pa kulishushia ila jukwaa la kupakilia ng'ombe. Kwa hiyo likashuka sokoni kwa njia wanayopandia mafahali, matairi yakiteleza kwenye samadi. Lilikuwa la kijani. Lilipofika chini mbuzi walitawanyika, na mzee mmoja akainama kutafuta miguu ya gari.

Aliyelileta alikuwa kijana wa Kiluhya, Wafula, amevaa tai na vumbi. Alikuwa ameosha magari katika lile duka kwa miaka kabla hajafanywa muuzaji, na hii ilikuwa safari ambayo wenzake wote waliikataa. Aliniambia hayo kabla hata hajaketi, kwa sababu alikuwa na hofu na hofu humfungua mtu mdomo. Asipouza, gari lingerudi na msafara siku chache baadaye, limekwaruzwa, na yeye angerudishiwa ndoo yake.

Mnaona? Nilikuwa nimeshajua bei yake ya kulilia iko wapi, na hakuna mnunuzi aliyeniuliza. Dalali akipata siri kama hiyo anaimeza. Nilipomletea chai nilimwambia, "Ndugu yangu, hayo uliyoniambia usimwambie mtu mwingine hapa." Akaipokea chai, na tangu hapo akaniamini.

Sasa Guhad, aliyekuwa dalali mkuu, akanipa kazi ile mimi. Alisema gari si ngamia na kwa hiyo haliogopi, lakini hajui aulize nini. Mimi pia sikujua. Basi nikaanza kwa kutojua. Nikamwomba Wafula anionyeshe kila kitu kama mtu anayemfundisha mtoto. Hiki ni nini? Kikivunjika, kinapatikana wapi? Dukani Nairobi gari hili linaitishwa ngapi, na mteja wa pale pale akibisha anapunguziwa nini? Nani aliyelipia lori lililolibeba? Alinijibu yote isipokuwa moja, bei ya chini aliyopewa na mkubwa wake, na nilimheshimu kwa hilo.

Kisha nikalala chini nikatazama tumbo la gari. Bomba la ekzosi lilikuwa karibu na ardhi kiasi cha kuweza kukata ugali uliowekwa chini.

"Barabara yetu unaiona?" nikamwuliza.

"Nimekuja nayo," akasema. Akachuchumaa kando yangu. "Ekzosi haitafika mbali. Inahitaji bamba la chuma chini. Niseme au nisiseme?"

"Atakayeliendesha ni yeye. Wewe ungetaka kuambiwa?"

Hajia alipokuja alikuwa na maswali kunizidi. P na V hazikuwa rafiki zake, na Wafula mara nyingi ilibidi amsikilize mara mbili. Aliuliza petroli inakunywa kiasi gani, moto ikipanda inaonyesha wapi, na tairi la spea linakaa wapi. Wafula akafungua buti. Ilikuwa ndogo, na spea ilikuwa imeijaza yote.

"Hakuna nafasi nyingine?" Hajia akauliza.

"Hakuna, Mama. Pole."

"Usiseme bole," akajibu. "Fizuri sana."

Nilisikia hilo na nikaliweka. Mnunuzi anayefurahia upungufu wa kitu ana sababu. Wafula, kwa upande wake, akajikaza akamwambia habari ya ekzosi na bamba la chuma. Hajia alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyolitazama gari. Kisha akaingia, akashika usukani, magoti yakamfika karibu na kidevu. "Kwenye lori nilikuwa juu ya ngamia," akasema. "Hapa nimechuchumaa kukamua mbuzi." Lakini alikuwa akitabasamu.

Siku iliyofuata tukaanza kupatana, na sharti la Hajia lilikuwa moja: bei isisikike. Kwa hiyo nilimfundisha Wafula lugha ya vidole. Kazi ilikuwa ngumu. Mara ya kwanza kuingiza mkono chini ya shuka alinipa mkono mzima akautikisa, kunisalimia. Kwa vidole, alikuwa amenipunguzia bei kwa kiasi ambacho mkubwa wake angezimia. Nikatoa mkono wangu nikamwambia, "Hujasema kitu. Anza tena." Mtu wa karibu aliyeona akanung'unika kwamba namlinda mgeni. Guhad akamjibu kutoka mbali, "Bei ya kuteleza si bei. Ukiichukua leo, kesho mwenyewe anaamka na kuirudia."

Tulikwenda na kurudi asubuhi yote, mimi na shuka langu, kati ya Wafula aliyesimama kwenye mlango wa gari na Hajia aliyeketi kwenye kigoda kivulini pa lori. Wafula alishuka, Hajia akapanda, kisha wakasimama. Kati yao kilibaki kidole kimoja. Kila upande uliniambia kidole hicho ni cha mwenzake. Nilipomshika Wafula mkono nilihisi jasho. Nilipomshika Hajia nilihisi jiwe. Nilijua ya Wafula. Ya Hajia sikuyajua bado. Ningewezaje kujua kama kidole kile ni cha haki, na sijui gari lile ni la nini?

Wakati huo luteni mmoja kutoka kambini akaingia sokoni na askari wake wawili. Alikuwa kijana wa bara, mrefu, mwenye sauti ya chini. Watu wakampisha njia.

"Nani mwenye gari hili?" akauliza.

"Bado ni la duka, bwana," Wafula akasema.

"Nani anayelitaka?"

Hajia akainuka kwenye kigoda chake. "Mimi."

Luteni akalizunguka gari. "Mama, tuko katika hali ya hatari. Sehemu kama hii, mtu anatafuta gari la kukimbia namna hii kwa ajili ya nini?"

Nakiri kwamba hata mimi, katikati ya wasiwasi ule, nilisogea karibu nisikie jibu.

"Bakia," Hajia akasema.

"Nini?"

"Pa-kia ndani yake kitu unachoogopa nitabeba. Gunia, mtu, bunduki. Chochote. Sisi tutatazama."

Luteni alimwangalia kama atakasirika, kisha akamwashiria askari wake. Askari akachukua gunia la mahindi kwa mchuuzi, akaliweka kwenye kiti cha abiria. Gunia likakaa pale kichwa nje, kama bwana harusi. Akajaribu la pili, halikuwa na pa kwenda. Akafungua buti, akaikuta spea. Akatazama nyuma ya viti, akapata upana wa kiganja. Watu wakaanza kucheka kwa chini, na yule askari naye.

"Ndiyo sababu nalitaka," Hajia akasema. "Lori langu likifika kwenye kizuizi linashukiwa. Sikatai, ni wakati wa fita. Lakini gari hili hata mwenye shaka atachoka kulishuku. Gari la daktari linapewa kibali cha kwenda bila msafara kwa kuwa halibebi kitu. Na hili halibebi kitu."

"Na ukifika Nairobi utafanya nini?"

"Nitasimama soko la ng'ombe nisikilize."

"Usikilize nini, Mama?"

"Bei. Tangu fita fianze kila bei tunaletewa na mtu mwingine. Anasema imeanguka. Labda ni kweli. Nataka kuiona ikiwa chini kwa macho yangu."

Luteni alivua kofia yake. Akapangusa jasho. "Babangu huko kwetu ana ng'ombe," akasema hatimaye, kwa Kiswahili cha mtu asiye kazini. "Kila mwaka anakuja mtu na lori, anamwambia mjini bei imeanguka. Tangu nikiwa mdogo inaanguka tu. Sijawahi kusikia imeinuka." Akavaa kofia. "Njoo kambini kesho na picha zako mbili. Nitakuombea kibali. Lakini jua likizama uwe umeegesha, na kila kizuizi usimame."

Akaondoka na askari wake. Basi nikawa najua, na soko zima likawa linajua, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kofia alikuwa amesimama kwenye zizi la mafahali akisikiliza kila neno. Nilikuwa nimerudi kwa Wafula, mikono yetu imeshaingia chini ya shuka, Kofia alipokuja moja kwa moja hadi mbele yetu na kutaja bei kwa sauti. Aliitaja mbele ya kila mtu, bila shuka. Ilikuwa juu ya bei ya kwanza kabisa aliyoanza nayo Wafula, ile ya kusema tu.

"Nalipa leo," Kofia akasema. "Pesa taslimu. Shusha mkono huo tuzungumze."

Hajia hakuinuka. Alijua hawezi kuifikia bei ile. Watu walinitazama mimi, lakini haikuwa juu yangu. Desturi ya soko ni hii: mikono ikiwa ndani ya shuka, bei ya mtu wa tatu haipo. Wewe husikii, na hakuna atakayekulaumu kwa kutosikia. Ukitoa mkono, uko huru kusikiliza yeyote.

Wafula akaniinamia. "Nikitoa mkono?" akanong'ona.

"Uko huru. Hakuna atakayekudhuru."

"Na nisipoutoa?"

"Hujasikia kitu."

Nilingoja. Ningeweza kumshika nguvu, ningeweza kumlegeza, na kidole kimoja cha dalali kinatosha kumsukuma mtu. Niliuacha mkono wangu kama mkono wa maiti. Nilitaka sana kujua atafanya nini, na nilitaka kiwe chake. Nilifikiria ndoo aliyoniambia. Nilihisi vidole vyake vikifunguka nusu, vikatulia.

Akainua uso akamwangalia Kofia kwa adabu. "Samahani, mzee," akasema. "Kuna kelele sana hapa sokoni. Sikusikia vizuri."

Kisha akanishika kidole. Bei ile ile aliyokuwa nayo kabla ya luteni kuja. Hakuongeza kitu, ingawa sasa alijua haja ya mama yule hadi mwisho wake.

Nikaenda kwa Hajia, nikatandika shuka, nikampa bei. Mkono uliokuwa jiwe ukanishika kile kidole kimoja tulichokigombania asubuhi nzima. Aliyeongeza ni yeye. Kisha akakwaruza kiganja changu, nusu nyingine juu yake. "Hiyo ni ya bamba la chuma," akanong'ona. "Aniwekee fundi wa kwao, mwaminifu."

Baadaye, tukila nyama, nilimwuliza Wafula kwa nini. Nilidhani atasema huruma. Alifikiri huku akitafuna. "Yule mama ameniuliza maswali tangu jana," akasema. "Yule mwanamume hakuuliza hata kama linawaka." Aliona haya kidogo. "Nimeosha magari mengi, Jilo. Namjua mtu anayetaka gari."

Mkiniuliza leo bei ya haki ya gari ni ipi, siwezi kuwapa hesabu, na ile ya siku hiyo sijaitaja kwa mtu. Nitawapa tu namna Guhad alivyoipima. Alisema ngoja mwaka upite, kisha uone kama wale wawili wakikutana njiani mmoja anahamia upande wa pili. Wafula hakupewa ndoo. Vita vilipokwisha alikuja Garissa mara nyingi, na kila mara alikula kwa Hajia, na malori mawili aliyonunua Hajia baadaye aliyanunua kwake, wakibishana kama ndugu. Gari lenyewe halikuishi sana. Bamba liliwekwa, lakini ekzosi ilikatika vilevile, na mvua kubwa zilipokuja lilizama kwenye tope hadi milangoni na kuvutwa na punda. Injini akainunua mtu wa kupampu maji shambani. Guhad alikataa kulipanda hadi mwisho. Alisema lina macho ya ngamia.

Lakini kabla halijafa lilifanya kazi yake, na mimi nilikuwepo.

Hajia alipewa kibali akaondoka asubuhi moja peke yake, mtandio umefungwa vizuri, na mji mzima ulisimama kandokando ya njia. Msafara ulikuja siku chache baadaye na wanunuzi, naye alikuwa hajarudi. Soko likafunguliwa. Mafahali walikuwa wengi siku ile, wamekonda, na wenyewe walikuwa na haraka. Kofia akasema neno lake, Nairobi bei imeanguka, na wafugaji wakainamisha vichwa. Mzee mmoja kutoka upande wa Bura alikuwa na mafahali wanne, mali yote iliyombakia. Nilikuwa dalali wake. Bei aliyoipata kwa Kofia ilikuwa ya kulilia kabisa. Nilimwambia polepole kwamba angeweza kungoja. Akasema, "Wangoje wakila nini?" Akakubali, akampa Kofia kamba.

Ndipo tukasikia ngurumo. Wengine walidhani ni ndege, askari kwenye kizuizi wakashika bunduki. Kisha likaonekana lile dude la kijani, jekundu kwa vumbi, bila ekzosi, likipiga kelele kuliko malori yote ya msafara. Likaingia hadi katikati ya soko likazima. Hajia alishuka pole pole, akishika kiuno. Uso wake ulikuwa vumbi tupu isipokuwa macho.

Hakumtazama Kofia wala hakumtukana. Aliomba maji, akanywa, akasukutua, kisha akapanda jukwaa la kupakilia ng'ombe ili aonekane. Kwa Kisomali, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikika juu ya injini, akataja bei. Fahali mnene, Nairobi, siku aliyoondoka huko. Fahali mwembamba. Ndama. Akataja na gharama ya lori, ili mtu asidhani nauli ni bure. Alipomaliza akashuka akatafuta kigoda.

Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wakihesabu kiasi Kofia alichowapunja, ungeona midomo ikicheza. Mzee wa Bura akamwendea Kofia, akanyoosha mkono na kuichukua tena kamba ya mafahali wake. Akaizungusha kwenye kiganja chake mara mbili ili ishike.

"Haya," akasema. "Tuanze upya."